UCHAMBUZI: Subira ndiyo ngao ya wanaanga, isipunguzwe bila ushahidi

USIKU wa kuamkia Juni 13, 2024, mwendo wa saa saba na nusu kwa saa za Afrika Mashariki, watu waliokuwa wakifuatilia matangazo ya moja kwa moja kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga walipigwa na butwaa. Sauti ya mwanamke, aliyezungumza kwa namna ya daktari, ilisikika ikitoa maagizo ya dharura. Kamanda wa kikosi arudishwe ndani ya vazi lake la anga, vazi hilo lijazwe oksijeni safi na shinikizo lipandishwe. Ikatajwa hata hospitali moja ya San Fernando, Uhispania, yenye vifaa vya kumtibu mgonjwa kwa shinikizo la hewa.

Muda si mrefu baadaye, Shirika la Safari za Anga la Marekani (NASA) lilitangaza kwamba hapakuwa na mgonjwa yeyote angani. Sauti hiyo ilitoka katika mazoezi yaliyokuwa yakifanyika ardhini, ikaelekezwa kimakosa kwenye matangazo ya umma. Wanaanga wenyewe walikuwa wamelala. Kampuni ya SpaceX nayo ilieleza kuwa kikosi kilichokuwa kikifanya mazoezi mjini Hawthorne, California, kilikuwa salama salimini.

Gumzo lilizimika upesi. Hata hivyo, kosa hilo liliufunulia umma jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa na wataalamu peke yao. Maradhi yaliyokuwa yakifanyiwa mazoezi ni yale yale yanayowaandama wapiga mbizi wanaopanda juu haraka kutoka kilindini, yaani maradhi yatokanayo na kushuka kwa shinikizo la hewa mwilini.

Tangu ujenzi wa kituo hicho uanze mwaka wa 1998, wanaanga wametoka nje kufanya kazi zaidi ya mara 270, na hakuna hata mmoja aliyeripotiwa kushikwa na maradhi hayo akiwa nje. Mbona basi madaktari waendelee kujiandaa kwa adui ambaye hajaonekana? Jibu ni kwamba adui huyo yupo, ila amezuiwa mlangoni. Kilichomzuia ni saa nyingi za kusubiri ambazo kila mwanaanga hulazimika kuzitumia kabla ya kutoka. Na sasa saa hizo ndizo zinazotazamwa na wapangaji wa safari mpya kama gharama ya kupunguzwa.

Ili kulielewa suala hili, sharti kuanza na hewa yenyewe. Takriban asilimia 78 ya hewa ambayo binadamu huvuta ni nitrojeni. Mwili hauitumii gesi hiyo kwa lolote, lakini huibeba. Chini ya shinikizo la kawaida la usawa wa bahari, takriban lita moja ya nitrojeni huwa imeyeyuka ndani ya damu, misuli na mafuta ya mtu mzima. Kadiri shinikizo linavyoongezeka ndivyo gesi inavyoyeyuka kwa wingi, na shinikizo likipungua ghafla, gesi hutafuta njia ya kutoka.

Chupa ya soda hutoa mfano wa karibu. Kifuniko kikiwa kimekazwa, kinywaji huonekana kimetulia. Kikifunguliwa, viputo hufoka kutoka kila upande. Mwilini viputo vya namna hiyo huweza kujikusanya kwenye magoti, mabega na viwiko na kuleta maumivu makali. Vikifika kwenye mapafu humkaba mtu pumzi. Vikiingia kwenye ubongo au uti wa mgongo, huweza kuleta kizunguzungu, kupooza na hata kifo. Aidha, takriban mtu mmoja kati ya wanne huwa na kitundu kidogo kati ya vyumba vya juu vya moyo ambacho hakikuziba baada ya kuzaliwa, na kupitia hapo viputo huweza kukwepa kichujio cha mapafu na kuelekea moja kwa moja kwenye ubongo.

Maradhi haya hayakuanza na safari za anga. Katika karne ya 19, vibarua waliochimba misingi ya madaraja makubwa ya Marekani walifanya kazi ndani ya vyumba vilivyozamishwa mtoni na kujazwa hewa ya kusukumwa ili maji yasiingie. Walipopanda juu, wengi walipindika kwa maumivu na baadhi walifariki. Mhandisi mkuu wa Daraja la Brooklyn, Washington Roebling, aliugua mwaka wa 1872 na hakupona kabisa. Mnamo 1878 mwanasayansi Mfaransa Paul Bert alionyesha kwamba chanzo kilikuwa viputo vya nitrojeni. Mwaka wa 1908, John Scott Haldane wa Uingereza na wenzake, baada ya majaribio kwa mbuzi, walichapisha majedwali ya kuwaongoza wapiga mbizi kupanda hatua kwa hatua.

Wakenya nao wameushuhudia ugumu huu kwa karibu. Gari lilipotumbukia kutoka kwa feri katika kivuko cha Likoni mnamo Septemba 29, 2019, na kuangamiza mama na mwanawe, taifa zima lilisubiri hadi Oktoba 11 kabla ya kuopolewa kutoka kina cha mita 58. Katika kina hicho shinikizo hukaribia mara saba ya lile la juu ya maji. Mpiga mbizi anayefika huko hawezi kukaa apendavyo wala kupanda apendavyo, hata jamaa wa marehemu wawe wanalia ufuoni.

Mwanaanga yuko katika hali hiyo hiyo, ila kwake kilindi ni chumba anamoishi na juu ya maji ni ombwe lililo nje ya mlango. Ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, hewa na shinikizo ni kama vya mtu aliyesimama ufuoni Mombasa, yaani takriban kilopaskali 101. Ndani ya vazi la anga la Marekani, shinikizo huwa takriban kilopaskali 30 tu, la oksijeni tupu. Hilo ni pungufu hata ya shinikizo lililoko kwenye kilele cha Mlima Everest. Haldane aliona kuwa mtu anaweza kupunguziwa shinikizo kwa nusu bila madhara makubwa. Mwanaanga hupunguziwa hadi chini ya theluthi moja.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini vazi lisijazwe hewa zaidi ili tatizo liishe. Kizingiti kiko katika mikono. Vazi lililojazwa hewa angani huwa gumu kama mpira uliotiwa upepo hadi ukakaza, na kila mara mwanaanga anapokunja vidole hushindana na ugumu huo kwa saa sita au saba mfululizo. Vazi la Warusi liitwalo Orlan lina shinikizo la takriban kilopaskali 40, hivyo wavaaji wake huhitaji kuvuta oksijeni kwa takriban nusu saa tu kabla ya kutoka, lakini hulipia nafuu hiyo kwa uchovu wa mikono.

Mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani aliuonja mtego huo kikamilifu. Mnamo Machi 18, 1965, Alexei Leonov wa Muungano wa Sovieti alikaa nje kwa dakika 12. Vazi lake lilivimba na kukakamaa kiasi kwamba hakuweza kurudi ndani. Alilazimika kufungua vali na kupunguza shinikizo kutoka takriban kilopaskali 40 hadi takriban 27. Alijua vyema kuwa hatua hiyo ilimkaribisha kwenye hatari ya viputo, lakini alitegemea kwamba oksijeni safi aliyokuwa ameivuta kabla ilikwisha kuifukuza sehemu kubwa ya nitrojeni mwilini. Alinusurika. Somo alilowaachia wenzake ni kwamba kinachomwokoa mwanaanga ni maandalizi yaliyotangulia, kwa kuwa akiwa nje hana nafasi ya kuyatafuta.

Wamarekani wa enzi hizo walifuata njia nyingine. Vyombo vyao vya Gemini na Apollo vilitumia oksijeni tupu kwa shinikizo la takriban kilopaskali 34, na wanaanga walianza kuvuta oksijeni hiyo saa kadhaa kabla ya kuruka. Hata hivyo, Michael Collins alisimulia katika kitabu chake cha mwaka wa 1974 jinsi goti lilivyomuuma katika safari ya Gemini 10 ya Julai 1966, maumivu ambayo yamehusishwa na viputo vya nitrojeni.

Njia hiyo ilikuwa na bei yake. Januari 27, 1967, moto ulizuka ndani ya chombo cha Apollo 1 wakati wa mazoezi ardhini kikiwa kimejazwa oksijeni tupu. Virgil Grissom, Roger Chaffee na Edward White, Mmarekani wa kwanza kutembea nje ya chombo angani, waliteketea. Baada ya mkasa huo, chombo kikiwa ardhini kilitiwa mchanganyiko wa oksijeni na nitrojeni, na katika vizazi vilivyofuata NASA ilihamia kwenye hewa ya kawaida. Hatari ya moto ilipungua, lakini nitrojeni ikarudi ndani ya miili ya wanaanga. Tangu siku hizo, kila mpango wa kutoka nje umekuwa mapatano kati ya moto na viputo.

Sarafu ya mapatano hayo ni muda. Mwanaanga anayetoka kwenye hewa ya kawaida na kuingia moja kwa moja kwenye vazi alihitaji kuvuta oksijeni safi kwa saa nne akiwa amekaa tu. Katika enzi ya vyombo vya Shuttle, shinikizo la chumba kizima lilishushwa hadi takriban kilopaskali 70 mapema, ili nitrojeni ianze kutoka polepole. Jambo hilo halikuwezekana kwa kituo kikubwa chenye wakazi wengi.

Ufumbuzi uliletwa kwa sehemu na mtu aliyeyafahamu maradhi haya kutoka baharini. Michael Gernhardt aliwahi kuwa mpiga mbizi wa kibiashara kabla ya kuwa mwanaanga. Yeye na watafiti wenzake walionyesha kwamba mazoezi ya mwili wakati wa kuvuta oksijeni huharakisha mzunguko wa damu, na damu ikikimbia hubeba nitrojeni nyingi zaidi kuelekea mapafuni. Mnamo Julai 2001, Gernhardt mwenyewe na James Reilly walitumia utaratibu huo, wakikanyaga baiskeli ya mazoezi kabla ya kutoka kupitia chumba kipya cha Quest. Hawakuwatuma wengine wakajaribu kwanza.

Baadaye ulibuniwa utaratibu wa kulala usiku kucha ndani ya chumba hicho kikiwa kimepunguzwa shinikizo, ambao ulitumika mnamo Septemba 2006. Mwaka wa 2011 ukaongezwa mwingine, ambapo mwanaanga huvuta oksijeni kwa kinyago, kisha huvaa vazi na kuchezesha miguu na mikono taratibu akiwa ndani yake kabla ya mlango kufunguliwa. Kila mabadiliko yalitanguliwa na majaribio ya watu waliojitolea katika vyumba maalumu vya ardhini, huku mashine zikisikiliza viputo vikipita kwenye damu yao.

Inafaa kusisitizwa kwamba hata kanuni zilizotokana na majaribio hayo hazikuahidi usalama kamili. Kigezo cha NASA kilikubali utaratibu ikiwa watafiti wangekuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba maumivu ya viungo hayangewapata zaidi ya asilimia 15 ya wahusika, na pasiwe na kisa hata kimoja cha maradhi mabaya zaidi. Kwa maneno mengine, waliotunga kanuni walijua wanatembea kando ya shimo na wakachora mstari wa kutovukwa.

Hapo ndipo fumbo linapojitokeza. Ikiwa majaribio ya ardhini yalionyesha viputo na hata maumivu kwa baadhi ya watu, kwa nini angani pameripotiwa kimya? Maelezo moja yanahusu uzito. Inadhaniwa kuwa kutembea, kuchuchumaa na kubeba uzito duniani huzalisha chembe ndogo za gesi kwenye viungo, ambazo baadaye huwa mbegu za viputo vikubwa. Mwanaanga anayeelea hasimami wala hapigi magoti, kwa hivyo mbegu hizo huenda zikawa chache.

Maelezo ya pili hayapendezi. Mtu aliyefanya kazi saa saba ndani ya vazi gumu hutoka akiwa na mikwaruzo, mabega yaliyochubuka na vidole vinavyouma. Maumivu kidogo ya goti yanaweza kuhesabiwa miongoni mwa hayo. Isitoshe, ni desturi ya kale miongoni mwa marubani na wapiga mbizi kuficha dalili ndogo, kwa kuwa anayelalamika leo huenda kesho asipewe nafasi. Sifuri iliyoandikwa kwenye daftari ni ushahidi wa maana, lakini huhesabu kilichoripotiwa tu.

Suala hili linapata uzito mpya kwa sababu safari zenyewe zinabadilika. Septemba 12, 2024, Jared Isaacman na Sarah Gillis wakawa watu wa kwanza kutoka nje ya chombo katika safari ya kibinafsi iitwayo Polaris Dawn. Chombo chao cha Dragon hakikuwa na chumba cha kutokea, hivyo hewa yote ilitolewa na wenzao wawili waliobaki ndani wakakabiliwa na ombwe vilevile. Walichofanya ni kulipa kwa muda. Shinikizo la chombo lilishushwa pole pole na oksijeni kuongezwa kwa takriban siku mbili kabla ya mlango kufunguliwa. Desemba 2025, Seneti ya Marekani ilimwidhinisha Isaacman kuiongoza NASA. Hivyo basi, mtu aliyewahi kusubiri siku mbili kwa ajili ya matembezi yasiyofika saa mbili alipewa usukani wa shirika ambalo lazima liamue wengine watasubiri kwa muda gani.

Uamuzi mgumu zaidi unahusu Mwezi. Mpango wa Artemis unakusudia kuwarejesha binadamu huko, si kwa matembezi machache tu bali kwa kazi ya mara kwa mara. Mtu anayetoka nje mara nyingi kwa wiki hawezi kutumia nusu ya siku kujiandaa kila mara. Kwa sababu hiyo wataalamu wamependekeza makazi yenye shinikizo la takriban kilopaskali 56 na oksijeni ya asilimia 34, ili muda wa kuvuta oksijeni safi upunguzwe hadi dakika chache. Utaratibu huo umefanyiwa majaribio kwa watu waliojitolea kukaa siku kadhaa ndani ya chumba maalumu mjini Houston.

Hiyo ndiyo njia ifaayo, lakini ina mitihani mitatu. Kwanza, oksijeni ya asilimia 34 huchochea moto kuliko hewa ya kawaida, na mkasa wa Apollo 1 haujasahaulika. Pili, Mwezini kuna uzito, hata kama ni sehemu moja tu ya sita ya ule wa dunia. Wanaanga watatembea, watapiga magoti na kuinua mawe. Ikiwa ni kuelea ndiko kulikowalinda wenzao, kinga hiyo itapungua. Wala safari za Apollo haziwezi kutolewa kama ushahidi, kwa kuwa wanaanga wa wakati huo hawakuishi na nitrojeni ndani ya chombo.

Tatu ni umbali kutoka kwa tabibu. Duniani, mgonjwa wa viputo huingizwa kwenye chumba cha shinikizo na kupewa oksijeni kwa shinikizo la takriban mara 2.8 ya lile la kawaida. Katika Kituo cha Anga, tiba iliyopo ni kumrudisha mgonjwa ndani ya vazi na kulijaza hadi shinikizo lifike takriban mara moja na nusu ya lile la kawaida. Huo ni msaada, lakini ni kama nusu tu ya dawa. Akizidiwa, anaweza kurejeshwa duniani kwa muda wa saa chache. Kutoka Mwezini, safari huchukua takriban siku tatu, na ubongo uliokosa damu hausubiri siku tatu.

Mashindano nayo yameanza kuonekana. Desemba 17, 2024, wanaanga wa China Cai Xuzhe na Song Lingdong walikaa nje ya kituo cha Tiangong kwa saa tisa, muda mrefu kuliko wote uliowahi kurekodiwa. Mataifa na makampuni yakianza kuhesabu nani ametoka mara nyingi zaidi au kukaa muda mrefu zaidi, saa za matayarisho ndizo zitakazoonekana kuwa kikwazo, maana hazitoi picha ya kupendeza wala habari ya kutangazwa.

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Hii haimaanishi kwamba muda usipunguzwe kamwe. Umekwisha kupunguzwa mara kadhaa, kutoka saa nne za kukaa kitako hadi utaratibu wa mazoezi, na kila mara kwa ushahidi uliopatikana kabla ya mtu kuhatarishwa. Kinachostahili kukataliwa ni hoja kwamba kwa vile hakuna aliyeugua, basi tahadhari imezidi. Hoja hiyo humfanya mlinzi afukuzwe kwa sababu mwizi hajaonekana.

Yapo mambo mawili ambayo mashirika na makampuni ya safari za anga yanapaswa kuyatimiza kabla ya kufupisha muda huo tena. La kwanza ni kupima viputo katika miili ya wanaanga wenyewe, badala ya kutegemea kukosekana kwa malalamiko. La pili ni kumhakikishia mwanaanga kwamba akisema goti linamuuma, neno hilo litaandikwa kama data na halitamwondoa kwenye orodha ya safari ijayo. Bila hayo mawili, sifuri inayosifiwa leo itabaki kuwa nambari ambayo hakuna anayejua ni kiasi gani chake ni usalama na kiasi gani ni ukimya.